Kioo cha darubini ya shule kimefubaa: tukioshe au kipakwe upya?

Mwalimu wa Fizikia, Mtwara mjini
Wakuu, habarini. Shule yetu ina darubini ya Newton, ile inayokusanya mwanga kwa kioo, na kioo chake kikubwa ni inchi 8. Wanafunzi wanaipenda mno, pete za Zohali wameziona kwa macho yao. Sasa kioo kimeingia madoa pembeni, na ukikipinga na balbu unaona vitobo vya mwanga. Tuko jirani na bahari, nadhani chumvi imekila. Mwenzangu anashauri tukipake fedha wenyewe maabara, kwa nitreti ya fedha na glukosi. Mnasemaje?

Mtazama Nyota
Mwalimu, osha kwanza ndipo uhukumu. Weka alama ya penseli kwenye kitako ili kioo kirudi kilivyokuwa. Kilaze kwenye beseni lenye taulo, mwagia maji mpaka chembe zote zitoke, hapo usikiguse kabisa. Kisha maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Pamba ya hospitali iliyolowa iburute bila kukandamiza, na kila ukipitisha mara moja chukua nyingine. Suuzia maji ya betri, yale ya kuongezea, na soma chupa vizuri maana asidi inauzwa duka hilohilo. Kisimamishe kikauke. Vitambaa weka mbali.

Vitobo vichache visikutishe, mwanga unaopotea ni wa eneo la vitobo tu.

Mkemia wa Lindi
La fedha nawasihi mliache. Njia ni ya kweli, mwanafizikia Mfaransa Foucault alitumia vioo vya fedha tangu 1857. Lakini mchanganyiko wa nitreti ya fedha na amonia ukiachwa ukae, hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Watoto wasikaribie hapo. Halafu huku kwetu, msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi la salfa linafika mbali, na salfa huigeuza fedha nyeusi. Alumini inastahimili salfa.

Mwalimu wa Fizikia
Nimeelewa, fedha tumeiacha. Na kama baada ya kuosha bado kimefifia?

Mtazama Nyota
Hapo kipakwe. Kioo chenyewe hakizeeki, kinachokufa ni utando wa alumini, unene kama nanomita 100. Fundi anauondoa kwa dawa, anaweka kioo kwenye tangi lililonyonywa hewa, alumini inageuka mvuke na kutua juu yake. Hata ile darubini kubwa ya SALT kule Sutherland, Afrika Kusini, vipande 91 vya kioo chake hutolewa kwa zamu vikapakwa upya. Tuma na kile kioo kidogo cha mshazari, na uombe utando wa kinga juu ya alumini. Kwa hewa ya pwani huo usiukose.

Mkemia wa Lindi
Niongeze: umande ukiwa bado juu ya kioo, usifunike darubini. Iingize ndani ya nyumba ikauke, kisha funika pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mwalimu wa Fizikia
Ahsanteni sana. Jumamosi tunaosha, nitaweka picha za kabla na baada.

Mtazama Nyota
Ukirudisha usikaze klipu zinazoshika kioo, karatasi ipite kati yake na kioo. Zikibana, nyota zitaonekana zimepinda.