Mwalimu wa Kiholanzi katulisha matango pori kwenye neno "misschien", na hela yetu kala

Wakuu nina hasira hapa nilipo. Niko huku Uholanzi mwaka wa pili, nimelipia kozi ya Kiholanzi ya mtandaoni kwa hela yangu ya jasho, juzi mwalimu kafika kwenye misschien, yaani "labda", akatuambia eti ni mis, kosa, jumlisha schijn, mwonekano, kwahiyo ni kitu unachokiona vibaya vibaya ndo maana huna uhakika nacho. Darasa zima tukaandika. Mimi nikapigia na mstari kabisa!

Usiku usingizi umegoma nikaingia etymologiebank, tovuti inayoeleza asili ya maneno ya Kiholanzi, ni bure wala hujisajili. Kumbe hamna kosa hamna mwonekano. Waholanzi wa zama za kati walikuwa wanasema mach scien. Mach ndo hii mag ya leo, sasa hivi ni "inaruhusiwa" ila enzi hizo ilikuwa "inaweza", na scien ni "kutokea", nduguye ni geschieden, wale mnaosali kanisani huku mnaijua, Uw wil geschiede, mapenzi yako yatimizwe. Kwahiyo ni "inaweza kutokea", basi, na kwa vile mkazo unakaa mwishoni ile mach ya mbele ikawa inamezwa mezwa mdomoni mpaka imekuwa mis. Waswidi nao wana kanske, kan ske, inaweza kutokea, mulemule. Dakika mbili tu za kusoma na mtu analipwa kwa kazi hiyo!

Nikamuuliza kwenye grupu kwa adabu zote, kajibu "kila mtu ana tafsiri yake". Tafsiri gani sasa, neno lina historia yake bana.

Na maneno yanageuka kweli, sibishi. Labda yetu imetoka kwenye la budda ya Kiarabu, "hapana budi", yaani lazima kabisa, sisi tumeichukua tukaitia wasiwasi, huku "sina budi" imebaki na ukali wake uleule. Huyu jamaa angefundisha Kiswahili angesema labda ni "la, bado" na watu wangeandika.

Zimebaki wiki 5 na kila nikigusia hela ananiambia nisome masharti. Kuna mtu humu amewahi kurudishiwa hela kozi ikiwa katikati? Alianzia wapi?