Ukoka umeungua kwa mkojo wa mbwa na umekwisha chini ya tundu la sungura: nautengenezaje?

Mkaazi wa Chukwani:
Assalaam alaykum. Mbele ya nyumba yetu tuna uwanja wa ukoka ambapo jioni familia nzima hutandika mikeka na kubarizi, na kwa kweli ndio mahali ninapopapenda kuliko popote nyumbani. Tunafuga mbwa jike kwa ajili ya ulinzi, na watoto wana sungura ambao mchana huwekwa ndani ya tundu la waya lisilo na sakafu ili wajilie majani wenyewe. Tangu upepo wa kaskazi ulipoanza, uwanja umeingia madoa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya duara, upana wa sahani ya wali, yamekauka katikati, lakini ukingoni yamezungukwa na majani ya kijani kilichokoza kuliko sehemu nyengine zote. Doa la pili ni moja tu, kubwa, pale linapokaa tundu, ambapo udongo umebaki wazi na umekuwa mgumu. Fundi wa bustani amenishauri nitie mbolea ya urea uwanja mzima ili majani yarudi upesi. Kabla sijainunua, naomba kauli ya wenye uzoefu.

Bustani ya Mbweni:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Urea usiitie kabisa kwenye madoa ya duara, kwa sababu kilichoyaunguza ni hicho hicho unachotaka kuongeza. Mkojo wa mbwa una urea nyingi pamoja na chumvi, na mbolea ya dukani ya urea ni asilimia 46 naitrojeni. Ile pete ya kijani unayoiona ndiyo ushahidi: pembeni naitrojeni imefika kidogo ikawa chakula, katikati imezidi ikawa sumu. Mbwa jike huchutama na kumaliza mkojo wote mahali pamoja, ndiyo maana madoa yake huonekana zaidi kuliko ya dume, ambaye aghalabu hurushia kidogo kidogo kwenye miti na nguzo. Kiangazi cha kaskazi huzidisha tatizo, kwani udongo ni mkavu na hakuna mvua ya kuzimua.

Dawa ni maji, na wakati wake ni ule ule mbwa anapoondoka: mwaga ndoo nzima juu ya mahali hapo, taratibu, ili yazame badala ya kutiririka. Kwa doa lililokwisha kuungua, lirowanishe sana kwa siku kadhaa mfululizo kabla ya kupanda chochote, kisha ng'oa majani yaliyokufa, kwangua udongo wa juu uutoe, na utie udongo mpya uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi nayo huunguza.

Kisha chukua vipando kutoka ukingoni mwa uwanja wako mwenyewe, ili majani yafanane. Chagua vile vinavyotambaa vyenye vifundo vitatu au vinne, laza kila kimoja kwenye kifereji kifupi, fukia vifundo viwili na uache ncha yenye majani nje, halafu kanyaga kwa mguu ili udongo ushikamane na kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Mwagilia asubuhi na jioni mpaka uone majani mapya, na usipitishe mashine ya kukatia kabla vipando havijashika. Ikiwa doa halizidi kiganja cha mkono, mimi nisingepanda kitu. Ukoka hutambaa na utalifunika wenyewe.

Naongeza jambo moja kwa msisitizo, kwa kuwa nimeona watu wakishauriana hivyo: usimtilie mbwa chumvi, siki wala magadi katika chakula au maji ili "kupunguza ukali" wa mkojo. Tatizo si ukali wa asidi, na mnyama anaweza kudhurika.

Mpanda Miche, Wete:
Nakubaliana na ndugu wa Mbweni kuhusu mbwa, lakini naona doa la sungura halikupewa haki yake, nalo ni la namna nyengine kabisa. Hapo majani yameliwa hadi chini na udongo umekandamizwa, ila mara nyingi mashina ya ukoka yaliyo ardhini bado ni mazima. Fukua kidogo kwa kijembe: ukikuta mashina meupe na magumu, huna haja ya kupanda. Toboa toboa udongo kwa uma wa bustani, nyunyizia mboji nyembamba, mwagilia, na uzungushie matawi makavu au waya ili watoto na wanyama wasipite. Tundu lihamishwe kila siku kabla majani hayajafika chini. Kinyesi cha sungura ni mbolea nzuri, basi kisambaze kwa reki badala ya kukiacha rundo moja.

Kama sehemu hiyo ipo chini ya mwembe, ukoka hautakaa hata ukipanda mara ngapi, kwani unataka jua. Hapo weka yale majani mapana ya Pemba, *Stenotaphrum dimidiatum* kwa jina la kitaalamu, ambayo huvumilia kivuli na hewa ya bahari, na nayo hupandwa kwa vipando.

Mkaazi wa Chukwani:
Nawashukuru sana. Nimefukua chini ya tundu na mashina ni mazima. Swali langu la mwisho: maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Yanafaa kwa kurowanisha madoa ya mbwa?

Bustani ya Mbweni:
Kwa kumwagilia uwanja ulio mzima, ukoka huyavumilia. Kwa kusafisha doa hayafai, maana unataka kuiondoa chumvi na wewe unaiongeza. Tumia maji ya bomba, au ya mvua ikiwa una tangi. Madoa makubwa yaache tayari, yamekwanguliwa na kutiwa samadi, uyapande mvua za kwanza za masika zitakapoanza. Huna sababu ya kupigana na jua la sasa. Huku ukisubiri, mtengee mbwa kona ya mchanga na kokoto nyuma ya nyumba, mbali na mikeka, na umpeleke huko kwa mkanda kila asubuhi kabla hajaachiwa, mpaka azoee kwenda mwenyewe.