Mrejesho: upandikizaji mimba nikiwa na miaka 38

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini upandikizaji mimba wetu wa kwanza (IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa tumboni) ulishindikana. Asanteni mno. Aliyesisitiza mume wangu naye apimwe, Mungu akubariki: mbegu zake zilikuwa chache na hazina mwendo. Akaacha sigara, tukasubiri miezi mitatu, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Mimi nilipunguza kilo 6. Mitishamba sikuitumia, daktari alikataza kuichanganya na sindano za homoni.

Tulipojaribu tena, yalitoka mayai 9, tukapata viinitete (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua) 3 tu. Umri wangu huo. Cha kwanza hakikushika, nililia wiki nzima. Cha pili kimeshika! Jana kwenye ultrasaundi tumeona moyo, kanukta kadogo kanapepesa. Cha tatu kimegandishwa.