Naomba ushauri: mashine ya alama za vidole shuleni

Wadau hamjambo, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kisumu, sasa kuna shule ya praiveti inataka niwawekee mashine ya alama za vidole ya kumaki rejista ya watoto. Mashine yenyewe ni ile ya bei rahisi, data inaenda kwa seva ya nje huko, hapo ndo roho yangu inakataa. Sheria ya Data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza, nikamwambia mwalimu mkuu basi tutumie kadi, akasema watoto watabebeana kadi, na hapo kusema ukweli ako na pointi. Sasa ile fomu ya kujiunga na shule inatosha ama kila mzazi asaini ya vidole kivyake? Na wa kujisajili kwa kamishna wa data ni mimi ama shule?