Naomba ushauri: mgombea anakana kuwa aliunga mkono vita vya Iraq

Wakuu, naishi Uingereza. Mgombea mmoja jimboni kwetu anadai alipinga vita vya Iraq tangu mwanzo. Si kweli! Ninacho kipande cha gazeti cha Februari 2003, karatasi imeshageuka njano, akihimiza jeshi liende. Bunge likapitisha tarehe 18 Machi kwa kura 412 dhidi ya 149. Ripoti ya Chilcot ya 2016, ya uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita hivyo, ikasema njia za amani zilikuwa bado hazijaisha. Watu walikufa, jamani. Kubadili msimamo namkubalia, kukana ndiko kunakoniuma.

Jumamosi ana mkutano wa hadhara. Nisimame nimsomee maneno yake mbele ya watu, au nimwandikie kwanza ajieleze? Nahofia atasema nimeyakatakata. Aliyewahi kumbana mwanasiasa hivi, ulianzaje?