Haidroksiyurea kwa mtoto mwenye selimundu: je, ni salama kwenye malaria?

Mama Neema, Tanga: Ndugu zangu, binti yangu wa miaka sita ana selimundu, na maumivu yanapomshika usiku hataki hata shuka limguse miguuni. Daktari amemwandikia haidroksiyurea, lakini nasikia hupunguza chembe nyeupe za damu. Je, huku kwetu kwenye malaria haitamdhuru?

Mfamasia: Pole sana, dada. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya watafiti wa REACH, utafiti wa dawa hii kwa watoto wa Afrika wenye selimundu, waijaribu Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Matokeo ya mwaka 2019, kwa watoto 606 walioanza dawa, yalionyesha kwamba vipindi vya maumivu na malaria vilipungua kwa takriban nusu, na vifo vilipungua zaidi ya hapo. Dawa huurudisha mwili kutengeneza hemoglobini ya kichanga (hemoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni), ile aliyozaliwa nayo, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu.

Baba Juma: Mwanangu ana mwaka wa tatu akiitumia. Usikubali kuendelea bila kipimo cha damu. Kuna kliniki ilituambia tuendelee tu kwa kuwa mashine ilikuwa mbovu, nikampeleka kwingine. Apimwe uzito pia, maana dozi hufuata kilo, na chandarua kisiachwe.

Mama Neema: Asanteni. Na ile tiba ya jeni?

Mfamasia: Mojawapo, iitwayo Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 kwa wenye miaka 12 na kuendelea, nayo hutanguliwa na dawa kali za kusafisha uboho. Kwa binti yako, anza na hiki kidonge.