Chai ya artemisia: iuzwe kama dawa ya malaria?

Wakuu, habari za leo.

Jumamosi gulioni nilinunua kipakiti cha majani makavu ya artemisia, wengine tunaiita pakanga. Juu kimeandikwa kwa kalamu nene: "Kikombe kila asubuhi, malaria haikusogelei." Nikachemsha jioni. Chungu kama shubiri, harufu imeganda nyumba nzima hadi kesho yake.

Msimamo wangu: majani yauzwe, hayo maandishi yafutwe.

Nisieleweke kwamba nadharau mitishamba. Dawa mseto ya malaria (ALU) ni dawa mbili pamoja, artemeta na lumefantrini, na artemeta inatokana na mmea huu huu. Mtafiti Tu Youyou wa China alisoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilichosema majani yalowekwe na kukamuliwa, akahisi kwamba moto ndio unaoharibu. Akatumia kimiminika cha etha kwa joto dogo, artemisinini, kile kiini kinachoua vimelea, ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Nobel. Sisi tunatokotesha!

Isitoshe, artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kipimo kilichochapishwa 2004 kilikuta lita moja ya chai ya gramu 9 za majani ina miligramu 94 hivi, wakati mgonjwa alihitaji 500 kwa siku. Mwaka huo huo, mashariki mwa Kongo, waliokunywa chai hiyo siku 7 walipona kwa wastani wa asilimia 74, wa kwinini 91. Kisha malaria ikawarudia wengi. Ndiyo maana ya "mseto": artemeta inatoka mwilini ndani ya saa chache, lumefantrini inabaki siku kadhaa ikisaka vimelea vilivyosalia. Kwenye chai nani anasaka?

Kibaya zaidi, dozi ndogo ya kila siku inaweza kuvizoesha vimelea dawa. Kagera, kama Rwanda na Uganda, vimeshaonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii hii. Sisemi chai ndiyo iliyovileta, ila hatuna dawa nyingine ya kuchezea.

Mdau, Lushoto: Mleta mada, umechanganya. Zipo artemisia mbili. Uliyoieleza ni annua, ya China, inalimwa. Ya kwetu inayojiotea milimani ni afra, bibi zetu wanainywa kwa mafua na tumbo tangu hatujazaliwa. Artemisinini kwenye afra haipo, au ni chembe tu. Huo usugu unaingiaje? Na zahanati ikikosa dawa tunywe nini, maji ya moto?

Mleta mada: La afra nakubali, mkuu. Lakini kama haina artemisinini, neno "malaria" linafanya nini kwenye pakiti? Ina mafuta ya harufu: sineoli, kafuri, thujoni. Kwa kujifukiza mafua sina ugomvi nawe. Ila thujoni ikizidi inadhuru mishipa ya fahamu, na mjamzito asiiguse. Hilo hakuna aliyeliandika. Zahanati kukosa dawa ni aibu ya serikali, tuidai huko, tusiifunike kwa majani.

Mdau mwingine: Mwaka 2020 ndege ya serikali ilienda Madagaska kuchukua kinywaji cha artemisia kwa ajili ya Corona, mbona hamkusema? Leo mama wa gulioni ndiye mkosaji?

Mleta mada: Mimi nilisema, nikaitwa msaliti kwenye grupu la ukoo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hii kutibu wala kukinga malaria, iwe ya serikali au ya mama wa gulioni.

Mdau, duka la dawa: Niongeze kidogo. Wiki jana kaja baba na mtoto mgongoni, shingo imelegea, anaulizia panado. "Tunampa pakanga tangu juzi." Nikamwambia panado baadaye, kwanza bodaboda, zahanati, apimwe. Ukweli ni kwamba homa ilikuwa inashuka shuka, ndiyo iliyomdanganya.

Mleta mada: Nimerudi gulioni leo. Nimemuuliza yule mama: hii ni ya kulimwa au ya porini? Kacheka. "Mwanangu, mimi naletewa kwenye kiroba."